Kura Tatu na Uamuzi wa Tabora

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikusanyika Tabora kujibu swali gumu kuliko yote waliyokutana nayo tangu chama kizaliwe tarehe 7 Julai 1954: washiriki uchaguzi ambao masharti yake yaliwachukiza, au waususe? Serikali ya Gavana Edward Twining ilikuwa imepanga uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kila jimbo kati ya majimbo 10 lingetoa wawakilishi watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na mpiga kura alilazimika kumchagua mmoja wa kila kundi, la sivyo kura yake isingehesabiwa. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na Wazungu takriban 20,000 tu, lakini viti vyao vilikuwa sawa. Baada ya mjadala mkali wajumbe waliamua kushiriki, na historia imeuita uamuzi huo Uamuzi wa Busara. Naamini una somo kubwa kwa kila anayepiga kura kwa mara ya kwanza: kura haipimwi kwa usafi wa masharti yake peke yake, bali pia kwa njia inayoifungua na kwa mjadala uliotangulia.

Tuanze na mpiga kura mwenyewe. Aliyetaka kuandikishwa ilimpasa awe ametimiza miaka 21, na juu ya hapo awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la 12, au kazi katika orodha ya vyeo iliyowekwa na serikali. Kwa sharti hilo mkulima wa tumbaku, mfugaji na wanawake wengi mno walibaki nje, na walioandikishwa nchi nzima walikaribia 60,000 tu. Waliobaki ndani ni makarani, walimu, wafanyabiashara na watumishi wa serikali. Tabora, makao ya Jimbo la Magharibi, ilikuwa na watu wa namna hiyo. Reli ya Kati iliufikia mji mwaka 1912, na Shule ya Tabora ilisomesha vijana wengi waliokuja kushika kazi za ofisini. Julius Nyerere alisoma hapo, kisha akafundisha St. Mary's katika mji huo huo. Mtu wa namna hiyo alijua kusoma sheria, na kwa hiyo aliona wazi jinsi ilivyompunja. Ugumu wa uamuzi wake ulikuwa hapo: aishike karatasi inayomwambia kwamba Mzungu mmoja ana uzito sawa na mamia ya Waafrika, au aitupe?

Historia ya mji wenyewe inatusaidia kulielewa jibu. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 19 Tabora ilikuwa kitovu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliobeba pembe za ndovu, nguo na shanga. Ilikuwa vigumu kwa msafara kuvuka Ugogo bila kulipa hongo, ushuru wa njia uliodaiwa na watemi. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, na wenye mali waliweza kubishana juu yake siku kadhaa, na wengine waliuona ni unyang'anyi, lakini hesabu ilibaki ile ile: kulipa na kupita, kupigana, au kuzunguka kwenye nyika isiyo na maji. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipoingia vitani na Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, njia ilifungwa na biashara ikayumba. Aliyelipa ushuru hakuwa amekubali kwamba ni haki. Alikuwa ameamua kwamba kufika Ujiji ni muhimu zaidi. Wajumbe wa 1958 walifanya hesabu ya aina hiyo: walikubali kura tatu kwa kuwa walitaka kufika kwenye serikali ya Waafrika wengi.

Matokeo yanaonyesha hawakukosea. Uanachama wa TANU wakati huo ulikuwa wa Waafrika, kwa hiyo chama kiliwaunga mkono Wazungu na Waasia walioelewana nacho. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Katika Jimbo la Kaskazini walishinda Solomon Eliufoo, Derek Bryceson na Sophia Mustafa, na nchi nzima wagombea wa TANU na washirika wake walitwaa karibu viti vyote. UTP, chama kilichoungwa mkono na Twining, kilisambaratika. Gavana mpya, Richard Turnbull, alitamka Oktoba 1958 kwamba Waafrika watakuwa wengi serikalini. Kufikia Agosti 1960 kura tatu zilikuwa zimefutwa, walioandikishwa walifika takriban 885,000, na TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Uhuru ulifuata tarehe 9 Desemba 1961. Mfumo uliotungwa kuupunguza uzito wa Mwafrika ulikuwa umegeuka ngazi yake.

Kuna pingamizi mbili nzito. Ya kwanza ni ya Zuberi Mtemvu, aliyejitoa TANU na kuanzisha African National Congress: kushiriki ni kuuhalalisha ubaguzi. Hoja hii ina heshima yake, maana kura hutoa idhini kwa sheria inayoiandaa. Lakini kususia nako kungewaachia UTP viti bila jasho, na kisha serikali ingedai kwamba watu wamesema. Ya pili ni kwamba aliyeamua ni chama, siyo mpiga kura, ambaye alifuata tu. Lakini uamuzi wa chama ulimwekea njia tu. Kibandani aliingia peke yake, akakabili majina matatu, mawili ya watu wa rangi ambazo siasa ilimtaka azishuku, na akawapima kwa msimamo wao. Kwa mtu ambaye hakuwahi kupiga kura, huo ulikuwa mtihani wa kweli wa uraia.

Kinachoupa uamuzi ule thamani, hata hivyo, ni ubishi uliouzaa. Mkutano wa Tabora ulikuwa na wapinzani waliosema waziwazi, na waliobaki walijua sababu ya wanalolifanya. Mwaka 1965 nchi ilipoingia rasmi katika chama kimoja, kijana aliyepiga kura ya kwanza ya urais alikuta jina moja la kulijibu ndiyo au hapana, na hali hiyo ilidumu hadi vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992. Kura ilibaki, lakini ilipungukiwa hoja ya kuipa uzito. Kwa hiyo kijana wa miaka 18 anayepiga kura leo Tabora au kwingineko asiridhike kuambiwa tu amchague nani, wala asiamini kwamba kukaa nyumbani ni msimamo uliojikamilisha. Amuulize kila anayemwomba kura, na pia anayemshauri asusie: hatua hii inatupeleka wapi, na kipi kitafuata baada yake? Asiyeweza kujibu hajastahili kumwongoza.