Kutoka Waridi la Abu Zayd Hadi Moshi wa Mai Mahiu



Ndugu msomaji, kama umewahi kupita Mai Mahiu saa za alasiri katika Ramadhan, basi hewa yetu unaijua. Malori yanashuka mteremko wa Bonde la Ufa kwa gia ndogo, breki zikinuka, na mengine yanapanda kuelekea Nairobi yakitoa moshi mweusi. Upepo kutoka upande wa Longonot unaleta vumbi. Ndani ya nyumba mama zetu wameinamia majiko ya makaa na ya kuni, uji unachemka, sambusa zinakaangwa. Jina la mji wetu ni la Kigikuyu, maana yake maji ya moto. Sisi vijana hutania kwamba siku hizi lingefaa kuwa hewa ya moto.

Nyumbani kwetu yuko mdogo wangu mwenye pumu. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu mmoja alimnyang'anya inhela yake akidhani ni kitu cha kuvuta kama sigara. Siku hiyo mtoto aliletwa nyumbani amebebwa mgongoni, midomo imebadilika rangi, kifua kinalia kama filimbi. Alhamdulillah, alipona. Lakini mpaka leo kuna jirani humwambia mama, "Usimzoeshe hicho kichupa, atakitegemea maisha." Wengine wanasema ni baridi ya huu mteremko, wengine ati ni damu ya ukoo, wengine ni jicho la watu. Nilipofunga chuo nikasema hebu nitafute: wenye elimu wamesema nini juu ya maradhi haya, na tangu lini?

Nilianzia mbali kuliko nilivyotarajia. Abubakar Muhammad bin Zakariya al-Razi, tabibu wa mji wa Rayy huko Uajemi, aliyefariki karibu mwaka 925, yaani 313 Hijria, aliandika risala fupi kuhusu mtu mmoja, Abu Zayd al-Balkhi. Huyu Abu Zayd alikuwa mwanachuoni mkubwa wa jiografia, na tatizo lake lilikuwa waridi. Kila msimu wa maua ukifika, akinusa tu, mafua yanamwanza. Al-Razi hakusema ni jicho. Alikaa akatafuta sababu na akaandika la kufanya. Neno aleji lenyewe lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet. Hesabu mwenyewe: karibu miaka elfu moja baadaye!

Kisha yuko Musa bin Maymun, tabibu Myahudi mzaliwa wa Cordoba, Andalusia, aliyehamia Misri na kuitibu nyumba ya Sultan Salahuddin. Karibu mwaka 1190 alimwandikia mgonjwa mmoja wa tabaka la juu kitabu kizima kwa Kiarabu kuhusu rabw, na hilo ndilo jina la pumu ambalo wanaosoma Kiarabu bado wanalikuta. Ndani yake mna habari za chakula, usingizi, hata supu ya kuku. Lakini lililonisimamisha ni maneno yake juu ya miji. Anaeleza kwamba hewa ya mjini, penye majengo marefu, njia nyembamba na uchafu wa watu, ni nzito na chafu kuliko ya mashambani, na mgonjwa wa kifua aangalie anaishi wapi.

Liweke akilini hilo la mji na shamba, maana tutalirudia hapa hapa Kenya.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba pumu ni maradhi ya Wazungu, na kwamba Afrika ni nadra. Watafiti wa KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, wakiongozwa na Lucy Ng'ang'a na Joseph Odhiambo, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha McGill cha Canada, wakaenda kupima badala ya kudhani. Walichagua shule tano za Nairobi na tano za Murang'a, watoto wa darasa la nne, wa miaka 8 hadi 12. Kila mtoto alipuliza kwenye chombo kinachopima hewa anayoweza kuitoa katika sekunde ya kwanza. Kisha akafanyishwa mazoezi, akapuliza tena. Kifua chenye uzima hakibadiliki sana. Chenye tatizo hujibana, na hewa hupungua.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Kati ya watoto 1,071 waliopimwa vizuri, wa Nairobi waliopungukiwa na hewa kwa asilimia 10 au zaidi walikuwa karibu 23 katika kila 100. Murang'a walikuwa karibu 13. Yaani hata huko shamba, pumu si ngeni!

Ila sehemu ninayoipenda mimi ni inayofuata. Watafiti hawakuridhika na kusema "mji mbaya." Waliuliza nyumba inapika kwa nini, mafuta ya taa au kuni, wanyama wanalala ndani, mtoto anavuta moshi wa magari njiani akienda shule? Walipoyatia mambo haya ya mazingira kwenye hesabu, ile tofauti kati ya mji na shamba ikayeyuka karibu yote. Damu ya ukoo ina sehemu yake, hakuna anayekataa, lakini watoto wa Nairobi hawakuzaliwa na damu tofauti na ya binamu zao wa Murang'a. Sehemu kubwa ya tofauti ilihusiana na mazingira yao.

Sasa nitazame Mai Mahiu yetu. Sisi si Nairobi, lakini moshi wa magari tunao. Si kijiji, lakini moshi wa kuni tunao pia. Tumejumlisha.

Na huo wa jikoni usiudharau. Huko Mpala, Laikipia, Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia nyumba 55 zenye watu 345 kwa zaidi ya miaka miwili, wakapima moshi ndani na kuandika nani amepata maradhi ya kifua. Utafiti wao ulitoka mwaka 2001. Kadiri moshi ulivyozidi, ndivyo maambukizi ya kifua yalivyozidi. Tena waligundua kwamba anayepika huumia zaidi, kwa sababu yuko karibu kabisa na jiko wakati moto unawashwa na kuchochewa, saa ambayo moshi ni mwingi kuliko wote. Waliokaa kando hawaupati kiasi hicho. Kaka zangu tunaongojea adhana barazani, tumesikia?

Turudi kwenye kichupa cha jirani. Inhela ya kubonyeza ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1956, baada ya binti wa bosi wa kampuni moja ya dawa, mwenye pumu, kuuliza kwa nini dawa yake isipulizwe kama marashi ya nywele. Salbutamol, ile ya buluu inayofungua kifua upesi, ilikuja mwaka 1969. Dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe ndani ya mapafu, ambayo mara nyingi kichupa chake ni cha kahawia, ilifuata mwaka 1972. Katikati yuko Roger Altounyan, daktari mzaliwa wa Shamu, mwenye pumu yeye mwenyewe. Alikuwa akijitia shambulio makusudi, tena mamia ya mara, ili ajaribu dawa zilizotokana na khella, mmea wa tiba za asili za Misri na Shamu. Humo ikapatikana kromoglikati.

Na hapa jirani ana nusu ya ukweli, ila ameishika upande usio. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema mgonjwa asitegemee ya buluu peke yake, kwani hufungua njia na kuuacha uvimbe pale pale. Dawa ya kutuliza uvimbe ndiyo inayopunguza mashambulio. Kwa hivyo dawa isipunguzwe, iongezwe iliyokosekana, kwa ushauri wa daktari.

Najua swali lako: je, inhela inafunguza? Wanazuoni wamekhitalifiana. Wako wanaosema inabatilisha saumu, na wako, akiwemo Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin, waliosema haibatilishi. Muulize sheikh wako mapema, kabla kifua hakijabana. Lakini wasiokhitalifiana ni katika hili: mgonjwa anayehofia kudhurika ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mdogo wangu alikuwa akificha inhela chini ya mto mchana wa Ramadhan, akiona haya. Mtoto wa miaka kumi!

Mwaka huu jiko letu limehamia uani. Mama alikataa wiki nzima, ati upepo utamzimia moto, mpaka baba akajenga ukuta mfupi wa mawe upande wa barabara. Kuni nachochea mimi. Malori, hayo bado yanashuka.

Wabillahi tawfiq.