Kyela: Daktari yuko mbali, gharama iko mlangoni

KWA mgonjwa aliyeko Ikombe au katika vijiji vilivyobanwa kati ya Milima ya Livingstone na maji, safari ya kumwona daktari huanza na swali moja: ziwa limetulia? Upepo wa kusini ukichafua Ziwa Nyasa, mitumbwi haiondoki. Ukitulia, huanza swali la pili, nalo ni la nauli.

Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, ndiyo ncha ya kaskazini ya ziwa hilo. Ni uwanda wa chini wenye joto, ulio katika kimo cha takriban meta 500 kutoka usawa wa bahari, unaopokea maji ya mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo kutoka nyanda za juu za Rungwe na Ileje. Mvua za masika, hasa mwezi Aprili, hufurika mashamba na barabara. Rutuba inayowapa wakazi mpunga, kakao na ndizi huja pamoja na mbu. Malaria ni tishio kubwa hapa kuliko Tukuyu au Mbeya mjini, kipindupindu kimezuka mara kadhaa, na kandokando ya mito inayoshuka kutoka milimani kuna usubi, ugonjwa unaoweza kupofusha.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 221,490. Nguzo za tiba kwa watu hao ni mbili: hospitali ya serikali ya wilaya iliyoko Kyela mjini, na Hospitali ya Matema, inayomilikiwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Konde, umbali wa kilometa zipatazo 40 kandokando ya ziwa. Chini yake kuna vituo vya afya na zahanati. Ugonjwa ukizidi uwezo wa hospitali hizo, rufaa ni Mbeya, zaidi ya kilometa 100 za kupanda mlima.

Hapa inafaa neno moja lifafanuliwe. Mtanzania humwita daktari kila anayemtibu, na kwa heshima hilo halina ubaya. Kitaaluma, zahanati ya kijiji huongozwa na tabibu mwenye cheti au stashahada, akisaidiwa na muuguzi mkunga. Mwenye shahada ya udaktari kwa kawaida hupatikana hospitalini, na hata huko mara nyingi amezama katika vikao, taarifa na usimamizi. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za miaka ya 2010 ziliiweka Tanzania chini ya daktari mmoja kwa kila wakazi 10,000, na sehemu kubwa ya hao walikuwa Dar es Salaam na miji mingine mikubwa.

Pengo hilo halikuanza jana, na waliotangulia hawakulikalia kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilianzishwa kada ya madaktari wasaidizi, yaani matabibu wazoefu walioongezewa mafunzo, yakiwamo ya upasuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma ulionyesha kuwa wao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi, na matokeo yao hayakuwa duni kuliko ya wenye shahada. Kwa mjamzito aliyekwama saa nane usiku, jina la cheti cha anayeshika kisu ni jambo dogo. La msingi ni kuwapo kwake.

Kisha ukaja mwaka 1993. Serikali, ikibanwa na masharti ya kurekebisha uchumi, ilisimamisha ajira mpya katika utumishi wa umma, sekta ya afya ikiwamo. Vyuo viliendelea kutoa wahitimu, lakini wilaya hazikuwapokea kama zamani. Watumishi walizeeka na kustaafu bila warithi. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulipozinduliwa mwaka 2007 ukikusudia zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, wananchi walichanga matofali na nguvu zao. Majengo yalipanda haraka kuliko watumishi wa kuyaingia.

Mwaka 2017 ulitoa funzo la ajabu. Mwezi Machi Tanzania ilikubali kuipelekea Kenya madaktari 500, baada ya mgomo mrefu wa madaktari wa huko. Mpango ulikwama baada ya kesi kufunguliwa nchini Kenya, na mwezi uliofuata Rais John Magufuli akaagiza madaktari 258 walioomba nafasi hizo waajiriwe nyumbani. Kumbe madaktari walikuwapo mitaani bila kazi, huku hospitali za wilaya zikilia uhaba. Kilichokosekana ni fungu la mishahara.

Hata fungu likipatikana, kumbakiza daktari pembeni mwa nchi ni kazi nyingine. Kutoka Dar es Salaam hadi Kyela ni zaidi ya kilometa 900. Kijana aliyepangiwa huko huuliza nyumba, umeme, shule ya watoto na nafasi ya kusomea ubingwa. Posho ya mazingira magumu ilikuwa miongoni mwa madai ya mgomo wa madaktari wa mwaka 2012. Hospitali za makanisa zina mtihani wa ziada: serikali inapofungua milango ya ajira, watumishi wao huhamia huko kufuata mshahara na pensheni.

Upande wa gharama, mwaka huo huo wa 1993 ndio ulioanzisha uchangiaji katika hospitali za umma, baada ya miaka mingi ya tiba bila malipo. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza walisamehewa. Msamaha huo, hata hivyo, ni wa dirisha la hospitali. Haumlipi mwenye boti, wala bodaboda, wala duka la dawa pale ambapo bohari ya kituo haina kitu. Ndugu anayemuuguza mgonjwa Mbeya naye hula na kulala kwa fedha zake.

Mkulima wa Kyela hupata fedha kwa msimu, mpunga unapovunwa au kakao inapouzwa, lakini homa haina msimu. Ndiyo maana Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996 na kutungiwa sheria mwaka 2001, ulionekana kuwafaa watu wa aina yake: alipe mara moja wakati anazo. Ulipoboreshwa mwishoni mwa miaka ya 2010, kaya ya watu sita ilitakiwa kulipa Sh30,000 kwa mwaka na kutibiwa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Wengi walisita. Kadi haina mvuto pale mwenye nayo anapoandikiwa dawa akanunue nje. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na kikwazo hicho hicho kinaisubiri.

Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi imeshika njia nyingine. Hospitali zake za umma hazitozi ada, ikiwamo ya wilaya ya Karonga, isiyo mbali na mpaka wa Kasumulu. Lakini nchi hiyo ilipata chuo chake cha udaktari mwaka 1991 tu, na hadi leo matabibu ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa wagonjwa. Huko mgonjwa haulizwi fedha mlangoni. Ndani hukuta foleni ndefu, na mara nyingine rafu za dawa zilizo tupu.