Ubinafsishaji au umahususishaji?

Simu yangu huniuliza kama nataka "kubinafsisha" matangazo, nami kila nikilisoma neno hilo nakumbuka viwanda. Kwa Mtanzania aliyesikiliza redio miaka ya 1990, ubinafsishaji ni shirika la umma kuuzwa kwa watu au kampuni. Neno limeshaajiriwa. Isitoshe, linapakana na ubinafsi, na hapo ndipo linapopotosha zaidi, kwa sababu jambo linalotajwa, yaani kumchagulia kila mtu kinachomfaa, haliwezekani bila watu wengine.

Muuza kanga mzoefu wa Biashara Street, Mombasa, hamwulizi mteja wake wa siku zote anataka nini. Huvuta doti moja kutoka chini ya rundo, akaikunjua mpaka jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake, lionekane, akasema, "Hii nilikuwekea wewe." Anamjua. Kompyuta ifanyeje kwa maelfu ya watu isiowajua?

Swali hilo lilimshughulisha John Riedl, profesa wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Mwaka 1994 yeye na wenzake walieleza mfumo wao, GroupLens, uliowasaidia wasomaji wa Usenet, mabaraza ya mtandaoni yaliyofurika makala kuliko mtu awezavyo kusoma. Kila msomaji aliipa makala alama, 1 hadi 5. Tuseme makala tatu umezipa 5, 1 na 4. Msomaji mmoja amezipa 4, 1 na 5; mwingine 1, 5 na 2. Huyo wa kwanza mnaendana, wa pili mnapishana. Akitokea wa kwanza kuipa makala ya nne 5, na wa pili akaipa 1, mfumo unakadiria kwamba nawe utaipenda. Haukuisoma makala hiyo, wala haujui inahusu nini.

Mbinu hiyo tunaiita uchujaji shirikishi, na tafsiri hii naipenda kwa dhati. Aliyewahi kukamua tui kwa kifumbu anajua kuchuja ni nini; "shirikishi" inaongeza kwamba mikono inayokamua ni mingi.

Mwaka 1996 Riedl alishiriki kuanzisha kampuni ya Net Perceptions, iliyoipeleka mbinu hiyo madukani. Amazon ilikuwa miongoni mwa wateja wake. Chuoni, maabara yake ilifungua MovieLens mwaka 1997, huduma ya kupendekeza filamu. Mkusanyo mmoja wa data zake, alama 100,000 za watu 943 kwa filamu 1,682, umekuwa daftari la mazoezi la wanafunzi wengi wa sayansi ya data. Riedl alifariki mwaka 2013. Kwangu mimi, daftari hilo ni urithi mkubwa kuliko kampuni.

Sasa jina la kazi yenyewe. "Mapendeleo", yanayotumika kwenye programu kadhaa, yananikwaza: upendeleo ni kumbeba mtu asiyestahili. Mimi naandika umahususishaji, kutokana na mahususi. Ni refu, lakini halijashikwa na maana nyingine, na linanyambulika: duka humahususisha orodha yake, msomaji hupata orodha iliyomahususishwa. Kinachotokea kwenye skrini nakiita mapendekezo mahususi. Na kwenye simu yangu ningetaka niulizwe hivi: "Tukuchagulie matangazo kwa kutazama wanayoyapenda watu wanaoendana nawe?" Hapo ningejua ninachokubali.