Kanda Moja, Mahakama Mbili

Wiki hii nazungumzia kesi ya Rodney King, yule Mmarekani mweusi aliyepigwa na polisi wa Los Angeles usiku wa tarehe 3 Machi 1991. Wengi tunaukumbuka moto uliofuata. Mimi nataka tutazame jambo lisilosemwa sana: kesi ilisikilizwa wapi.

Kipigo chenyewe hakikuwa siri. Raia mmoja, George Holliday, alikirekodi kwa kamera ya video kutoka kwenye roshani yake. Dunia nzima ikaona marungu yakimshukia mtu aliye chini, zaidi ya mara 50, huku askari wengine wamesimama wakitazama. Askari wanne wakashitakiwa.

Mawakili wao wakaomba kesi ihamishwe, eti kwa kuwa watu wa Los Angeles wamekwisha kuiona kanda. (Mji gani haukuwa umeiona?) Ikapelekwa Simi Valley, wilaya jirani ya Ventura, mji wenye wazungu wengi ambako askari wengi wa Los Angeles walikuwa wakiishi. Kule Marekani, mwenye hatia na asiye na hatia huamuliwa na raia 12 wa mahali pale. Wasifananishwe na wazee wa baraza tuliowazoea sisi, ambao kazi yao ilikuwa kumshauri jaji tu. Katika wale 12 hapakuwa na mweusi hata mmoja. Mawakili wakaionyesha kanda polepole, picha moja moja, wakidai kila pigo lilifuata mafunzo ya kazi. Tarehe 29 Aprili 1992 askari wakaachiwa, isipokuwa shitaka moja dhidi ya mmoja wao ambalo raia wale walishindwa kuafikiana.

Jioni ileile Los Angeles ikawaka. Zaidi ya watu 50 walikufa, na hasara ikafika kiasi cha dola bilioni moja.

Ndipo serikali kuu ikafungua kesi nyingine, safari hii Los Angeles kwenyewe, chini ya sheria ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1866, ilipotungwa kuwalinda watu waliotoka utumwani. Kati ya waamuzi 12, wawili walikuwa weusi. King mwenyewe akatoa ushahidi, jambo ambalo hakulifanya Simi Valley. Aprili 1993 Sajini Stacey Koon na askari Laurence Powell wakatiwa hatiani, baadaye wakafungwa miezi 30 kila mmoja. Wenzao wawili wakaachiwa.

Wapo wasemao waamuzi wa pili waliogopa moto mwingine. Huenda hofu ilikuwepo. Lakini kanda ilikuwa ileile, na mbona hakuna aulizaye wale wa Simi Valley walimwogopa nani?

Mwaka 1994 King akapewa fidia ya dola milioni 3.8. Askari wenyewe hawakuamriwa kumlipa hata senti. Zililipwa na jiji, yaani na walipa kodi, pamoja na wale ambao maduka yao yaliteketea.