TEKNOLOJIA: Mikrokontrola na redio vyaweza kulinda maji ya tangini bila kutandaza waya

KATIKA mitaa mingi ya Nairobi ambako maji hutolewa kwa mgao, nyumba huwa na matangi mawili. La chini hupokea maji ya mfereji, kisha pampu huyapandisha hadi la juu ya paa. La juu likijaa bila mtu kujua, maji yaliyongojewa wiki nzima humwagika. La chini likikauka, pampu huzunguka pakavu na huenda ikaharibika.

Hilo ni tatizo moja kati ya mengi ambayo fundi au mwanafunzi mwenye subira aweza kulitatua kwa kuunganisha mikrokontrola, kihisi na redio ndogo.

Mikrokontrola ni kompyuta kamili iliyobanwa ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Ina kichakataji, kumbukumbu, na miguu ya chuma inayopokea na kutoa ishara za umeme. Tofauti na kompyuta ya mezani, hii hupachikwa ndani ya kifaa na kufanya kazi moja tu maisha yake yote. Mashine za kufulia, rimoti za televisheni na mita za umeme za tokeni zote huendeshwa hivyo.

Historia yake

Mwaka 1971, kampuni ya Intel ilitoa 4004, kichakataji kilichohitaji vipande vingine kandoni ili kifanye kazi. Texas Instruments ilianza kuuza TMS 1000 mwaka 1974, na humo kumbukumbu na kichakataji vilikaa pamoja. Intel nayo ilileta 8051 mwaka 1980.

Hata hivyo, kwa miaka mingi kazi hii ilibaki mikononi mwa wahandisi wachache. Mambo yalibadilika mwaka 2005 mradi wa Arduino ulipoanzishwa mjini Ivrea, Italia, ili wanafunzi wasio wahandisi waweze kuandika programu na kuihamishia kwenye ubao kwa waya wa kawaida wa kompyuta. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai, Uchina, ikaleta ESP8266 yenye Wi-Fi ndani yake. ESP32, yenye Wi-Fi na Bluetooth, ikafuata mwaka 2016.

Kuchagua redio

Hakuna redio moja inayofaa kila kazi. Wi-Fi hubeba data nyingi lakini hula umeme kwa pupa, na masafa yake nyumbani ni makumi ya mita tu. Bluetooth hutumia umeme kidogo, ila ni ya karibu. Moduli ya simu hufika popote penye mtandao, lakini yahitaji laini yenye salio na yaweza kudai hadi ampia 2 kwa mkupuo inapotuma.

LoRa, iliyobuniwa na kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, na kununuliwa na Semtech mwaka 2012, hutuma data chache mno kwa umbali wa kilomita kadhaa. Kwa kuwa kiasi cha maji ni tarakimu chache tu, redio hii yatosha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, wameitumia pamoja na vihisi vya sauti kupima kina cha maji mtoni.

Mnunuzi awe macho. Moduli za LoRa huuzwa kwa masafa tofauti: megahezi 915 kwa nchi za Amerika, na 868 kwa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika. Nchini Kenya, masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na anayenuia kuuza kifaa chake hana budi kupata idhini yake kwanza.

Kupima maji kwa mwangwi

Kihisi hufungwa chini ya kifuniko cha tangi kikitazama maji. Hutoa sauti ya kilohezi 40, ambayo sikio la binadamu haliisikii, kisha hungoja mwangwi. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20. Mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 5.83, sauti imesafiri mita 2, kwenda na kurudi. Maji basi yako mita 1 chini ya kihisi. Ikiwa kihisi kiko sentimita 150 juu ya sakafu ya tangi, kina cha maji ni sentimita 50.

Tangi la plastiki hupata joto jingi mchana. Hewa ikifika nyuzi 40, sauti hukimbia mita 355 hivi kwa sekunde, na kipimo hicho hupotoka kwa sentimita 3 na zaidi. Kwa hiyo programu nzuri hupima joto pia.

Aidha, vihisi vingi vya bei nafuu hurudisha volti 5 ilhali ESP32 huvumilia 3.3 pekee. Rezista mbili, ya kiloomu 10 na ya kiloomu 20, hupunguza volti hizo hadi kiasi salama. Anayepuuza hatua hii huhatarisha ubao wake.

Antena na betri

Antena rahisi ni waya wenye urefu wa robo ya wimbi. Kwa megahezi 868, hiyo ni sentimita 8.6. Redio isiwashwe kutuma bila antena, kwani nguvu inayokosa njia hurudi nyuma na yaweza kuunguza kikuza-nguvu chake. Mabati huzuia mawimbi, hivyo antena iwekwe mahali ambapo paa haliikingi.

Betri ndiyo huwaponza wengi. Chukua betri ya miliampia-saa 2,000 na kifaa kinachotumia miliampia 100 kikiwa macho. Kikikesha, betri huisha kwa saa 20. Kikiamka kwa sekunde 5 kila dakika 15 na kulala usingizi mzito wa miliampia 0.01, betri yaweza kudumu siku 147 kwa hesabu. Lakini ubao wenye taa ya kiashiria na kirekebisha volti duni waweza kumeza miliampia 5 hata usingizini. Siku hizo 147 hugeuka 15. Taa ndogo iliyosahauliwa yaweza kugharimu miezi minne.

Usalama kwanza

Upande wa pampu, mikrokontrola ya pili hupokea ujumbe na kuwasha au kuzima mota. Hapa swali kuu ni moja: mawasiliano yakikatika, pampu ifanye nini? Jibu sahihi ni kuzima. Kama ujumbe huja kila dakika 15, ukimya wa dakika 45 uchukuliwe kuwa hitilafu.

Vivyo hivyo, swichi ya boya ya tangi la chini iunganishwe kwa waya moja kwa moja kwenye saketi inayowasha pampu. Kinga ya mwisho isitegemee redio wala programu.

LoRa yenyewe haifichi ujumbe. Jirani mwenye kifaa kama hicho aweza kuusoma, au hata kuwasha pampu isiyo yake. Ujumbe ufungwe kwa ufunguo wa siri na upewe nambari ya mfululizo, ili ujumbe wa jana usikubaliwe leo.

Mota inapoanza huvuta umeme mara tano au zaidi ya kawaida, hivyo relei ndogo za maonyesho hazifai. Kontakta ndiyo yake. Umeme wa volti 240 huua, tena karibu na maji. Sehemu hiyo aachiwe fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli.

Anayeanza asikimbilie paa. Kihisi kijaribiwe kwanza juu ya ndoo, redio ijaribiwe kutoka chumba hadi chumba, na pampu iwakilishwe na taa ndogo kwa wiki nzima. Hitilafu itakayojitokeza mezani hurekebishwa kwa dakika chache. Ile ile tangini huenda ikagharimu mota.