Dirisha la pembeni: chombo cha mafundi wa kompyuta na njia yake hadi Kibaale

Mtu akifungua programu ya Vim bila kuipa faili ya kusoma, skrini inamuonyesha maneno machache katikati, na mara nyingi kati ya maneno hayo kuna ombi la kusaidia watoto maskini wa Uganda. Wengi huko Ulaya na Marekani wamelipita ombi hilo mara nyingi bila kujua ni watoto gani. Kwa watu wa Kivu si mbali. Ukivuka Bunagana, ukapita Kisoro, Kabale na Mbarara hadi upande wa Masaka, kusini kwake, karibu na mpaka wa Tanzania, kuna eneo la Rakai, na ndani yake mji mdogo wa Kibaale. Isichanganywe na Kibaale nyingine ya magharibi, ile ya upande wa Hoima.

Vim ni kihariri, yaani programu ya kuandikia. Wanaoitumia zaidi si waandika barua bali mafundi wanaoandika msimbo, kode kama vijana wanavyosema: yale maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya. Baba yake ni vi, kihariri alichoandika Bill Joy huko Berkeley, Marekani, katika miaka ya 1970. Mholanzi Bram Moolenaar alikuwa na kompyuta ya Amiga, akataka kitu kama vi juu yake, akakitengeneza, na mwaka wa 1991 akakitoa kwa watu wote. Mwanzoni jina Vim lilimaanisha mwigo wa vi. Baadaye, kazi ilipozidi mwigo, maana ikageuzwa kuwa vi iliyoboreshwa.

Mwaka wa 1994 Moolenaar alikwenda Kibaale, akafanya kazi ya kujitolea kwa muda wa mwaka mmoja katika kituo cha watoto. Rakai ni kati ya sehemu zilizopigwa vikali sana na Ukimwi. Wazazi walikufa, watoto wakabaki na nyanya zao au peke yao. Aliporudi Uholanzi alianzisha shirika la ICCF Holland, na akaamua kwamba anayetumia Vim hatalipa kitu, ila anaombwa, kama ana uwezo, atoe chochote kwa ajili ya masomo, chakula na matibabu ya watoto hao. Hivyo kila aliyechangia kuiboresha Vim, hata kwa kipande kidogo, alikuwa anaongeza sababu ya watu kuifungua na kuliona ombi lile. Dirisha la pembeni ni kimojawapo cha vipande hivyo.

Faili la msimbo linaweza kuwa na mistari 5000. Ndani yake kuna vipande vyenye majina, vinavyoitwa fonksio, na vingine vikubwa vinavyobeba vidogo, vinavyoitwa klasi. Anayelisoma anapotea haraka. Dirisha la pembeni linamuonyesha, kando ya maandishi, orodha ya vipande vyote: akichagua jina, anapelekwa mahali penyewe. Ni kama ukurasa wa yaliyomo katika kitabu, isipokuwa huu hujiandika wenyewe na hubadilika kitabu kikibadilika.

Msingi wake ni programu ndogo inayoitwa ctags, iliyoandikwa na Ken Arnold kwa ajili ya mashine za Unix za Berkeley. Inapita ndani ya mafaili, inakusanya majina, kisha inaandika kila jina na faili lake na mahali pa kulipata. Mahali hapo kwa kawaida hapaandikwi kwa namba ya mstari. ctags inaandika maneno ya mstari wenyewe, ili kihariri kiyatafute. Watu wa Goma wataelewa mara moja. Hapa hakuna anayekuelekeza kwa namba ya nyumba. Unaambiwa shuka kwenye rond-point, pita kanisa, uliza kwa mama anayeuza makala. Nyumba tatu zikijengwa kati yake, maelekezo bado ni yale yale. Vivyo hivyo, fundi akiongeza mistari 20 juu, jina bado litapatikana.

Lakini kwa miaka mingi orodha hiyo haikuwa na pa kukaa. Vim iliweza kugawa skrini juu na chini tu. Orodha ndefu na nyembamba haifai kuwekwa chini, maana inakula nusu ya nafasi na bado inaonyesha majina machache. Mwezi wa Septemba 2001 lilitoka toleo la 6.0, na ndani yake uwezo wa kugawa dirisha kushoto na kulia. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililofungua mlango. Mwaka uliofuata, 2002, Yegappan Lakshmanan alitoa Taglist, plagini iliyoweka majina ya ctags kwenye dirisha la pembeni. Ilipendwa sana.

ctags yenyewe wakati huo ilikuwa imepata mlezi mpya. Darren Hiebert aliandika Exuberant Ctags, ambayo ilifikia kusoma lugha 41 za kompyuta, na juu ya jina na mahali iliongeza habari mbili: jina hili ni la kitu cha aina gani, na kiko ndani ya kitu gani. Habari ya kwanza Taglist iliitumia vizuri. Ya pili ilibaki karibu bila kazi.

Mtu aliyewahi kuandikishwa kambini ataona tatizo haraka. Fikiria daftari la kambi linaloandika wanaume wote ukurasa mmoja, wanawake wote ukurasa mwingine, watoto wote wa tatu. Hakuna jina lililosahauliwa, hesabu ni sahihi. Ila ukimtafuta mtoto anayeitwa Amani, unawapata Amani kumi, na pembeni ya kila mmoja kuna jina la mzazi katika mabano. Utamwona, lakini utatumia nusu saa. Daftari lingine linaandika kwa nyumba: mama, na chini yake watoto wake. Taglist ilikuwa daftari la kwanza. Iliweza kuandika pembeni ya jina kwamba ni la klasi fulani, lakini orodha yenyewe ilikuwa tambarare, fonksio na fonksio, klasi na klasi.

Mwanzoni mwa 2011 Jan Larres alitoa Tagbar, na hiyo ilikuwa daftari la pili. Hakuvumbua habari mpya. Alitumia ile ambayo Exuberant Ctags ilikuwa tayari inaitoa. Kila fonksio ikawekwa chini ya klasi yake, imesogezwa ndani kidogo, na klasi inaweza kufungwa ili watoto wake wasionekane. Akaongeza alama mbele ya majina: + kwa kilicho wazi kwa wote, - kwa cha ndani tu, # kwa kinacholindwa. Kwa kubonyeza s unachagua kama majina yapangwe kwa alfabeti au kama yanavyofuatana ndani ya faili. Kupanga kwa alfabeti kunamsaidia anayejua anachotafuta. Mgeni anahitaji mpangilio wa faili, kwa sababu mwandishi wa msimbo huwa na mfuatano wake wa mawazo, na alfabeti inauvunja. Hapo Larres alifanya vizuri kuacha yote mawili.

Kuna kasoro moja iliyowasumbua watumiaji wengi, na chanzo chake si dirisha lenyewe. Dirisha linatakiwa kuwasha rangi kwenye jina la fonksio ambamo msomaji yupo, lakini rangi hiyo ilikuwa inachelewa. Vim husubiri mikono itulie kwa milisekunde 4000, sekunde nne, kabla ya kuwaambia plagini kwamba mtu ametulia. Kwa nini sekunde nne? Kipimo hicho hicho ndicho Vim inachotumia kuandika akiba ya kazi kwenye diski: baada ya herufi 200, au ukikaa sekunde nne bila kuandika. Ni akiba inayookoa kazi umeme ukikatika ghafla, na katika miji yetu hakuna haja ya kueleza zaidi. Fundi anaweza kupunguza kipimo hadi nusu sekunde, rangi ikafuata haraka, na diski ikaandikwa mara nyingi zaidi.

Mwaka wa 2009 Exuberant Ctags ilitoa toleo lake la mwisho, 5.8. Lugha mpya zilizaliwa na hakuna aliyeiongezea. Kundi la wajitoleaji likachukua msimbo wake na kuuendeleza kwa jina la Universal Ctags, na dirisha likapona bila Tagbar kuandikwa upya. Tagbar nayo baadaye ikapokelewa na kundi la preservim, linalotunza plagini ambazo waanzilishi wake hawawezi tena kuzibeba peke yao.

Mwaka wa 2016 ikaja njia nyingine. Kampuni ya Microsoft na wenzake walitangaza utaratibu ambao kihariri kinaiuliza programu nyingine, inayoelewa lugha husika kwa undani, vipande vilivyomo ndani ya faili. Inajibu kwa usahihi kuliko ctags, ambayo inakisia kwa sura ya mistari tu. La kuchekesha kidogo ni kwamba hata utaratibu huu mpya ulianza kwa kutoa orodha tambarare, na ikabidi baadaye uongezewe mti wa mzazi na mtoto, ule ule wa 2011. Bei yake ni kumbukumbu ya mashine. Programu hizo zinaweza kula gigabaiti nzima au zaidi kwenye kazi kubwa, na mtu mwenye laptop ya zamani atasikia feni inalia na betri inaisha. Wanaosema ctags imepitwa na wakati hawajifunzi kwenye mashine za namna hiyo.

Bram Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Wenzake, akiwemo Christian Brabandt, walichukua kazi, na mwanzoni mwa Januari 2024 wakatoa Vim 9.1, wakaitoa kwa kumbukumbu yake. Tagbar imeandikwa kwa lugha ya Vim yenyewe, haihitaji intaneti ikishawekwa, na pamoja na Vim na ctags inaingia kwenye flashi ndogo kabisa ambayo kijana anaweza kuondoka nayo mfukoni.