Baiskeli ya Mkufunzi

Mwaka 1976 nilikabidhiwa baiskeli aina ya Phoenix, nyeusi, bomba lake la kati likiwa bado limeviringishwa makaratasi, nikatia sahihi katika daftari la stoo. Nilikuwa na umri wa miaka 28, mwalimu wa chuo cha ualimu niliyezoea kutembea hatua mia mbili tu kutoka nyumbani hadi darasani. Tangu siku ile kituo changu cha kazi kikawa kilomita 18 kutoka nilipolala. Kituoni hapakuwa na nyumba ya mkufunzi, na mke wangu alikuwa akifundisha mjini, tena na mtoto mchanga. Hivyo ilinibidi niende na kurudi kila siku.

Ndugu msomaji ambaye hukuwa umezaliwa wakati ule, yafaa nieleze ilikuwaje mwalimu wa chuo akatolewa chuoni na kupandishwa baiskeli. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliyokutana Musoma iliamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Mpango wa awali ulikuwa kulifikia lengo hilo mwaka 1989. Miaka 12 ikakatwa kwa azimio moja. Walihitajika walimu wapatao 40,000, na vyuo vyote kwa pamoja visingeweza kuwatoa kwa muda huo. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakabaki vijijini mwao, asubuhi wakifundisha na mchana wakisomeshwa ualimu kwa vitabu vya masomo ya posta, kwa vipindi vya Redio Tanzania, na kwa wakufunzi wa kuwazungukia. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wa kuzunguka, katika wilaya ya Kwimba.

Baiskeli haikuwa kitu kigeni Usukuma. Marehemu baba alinunua Raleigh ya Nottingham mwaka 1956 kwa fedha za pamba, mwaka mmoja baada ya kuundwa lile shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria lililoongozwa na Paul Bomani. Miaka ile bei ya pamba ilionekana barabarani: msimu ukiwa mzuri, baiskeli mpya ziliongezeka. Nilijifunza kuendesha nikiwa mdogo, mguu mmoja nimeupitisha chini ya bomba kwa kuwa kiti sikukifikia. Phoenix zilikuja baadaye kutoka Shanghai. Sehemu ya gharama za ndani za kujenga reli ya TAZARA ilipatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina humu nchini, na miaka hiyo ndipo nilipoanza kuziona baiskeli hizo kwa wingi katika maduka yetu.

Basi nilidhani najua baiskeli. Juma la kwanza lilinifundisha kwamba kujua kuendesha ni jambo moja, na kuendesha kilomita 36 kwa siku, siku sita kwa juma, ni jambo jingine kabisa. Siku ya tatu sikuweza kukaa kitini mbele ya wanachuo wangu; nilifundisha nimesimama nikijifanya ndiyo mbinu bora. Magoti yalivimba. Niliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri nikikimbiza baiskeli kana kwamba nafukuzwa, nikafika nimelowa jasho na shati limenata mgongoni, sina nguvu ya kumsikiliza mtu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mchuuzi wa samaki. Alitoka ziwani na tenga la furu wakavu kwenye keria (siku hizo sangara hajawamaliza), akiingia bara kuuza kijiji kwa kijiji. Alinipita nikiwa nimeketi chini ya mkwaju, akacheka, akasimama. “Mwalimu,” akasema, “kiti chako kiko chini mno. Unapiga magoti, huendeshi.” Akatoa spana yake, akakipandisha upana wa vidole vinne, akajaribu mguu wangu kwenye pedali hadi ukanyooka karibu wote. Kisha akanipa masharti yake: nisikimbize mwanzoni, mlimani nishuke nisukume bila kuona haya, ninywe uji kabla ya kuondoka, shati la kufundishia nilichukue mkobani. Nilikuwa nimesoma saikolojia ya elimu miaka miwili, lakini hakuna aliyenifunza kazi yangu kwa ufupi namna ile.

Baada ya miezi miwili mwili ulikubali. Niliijua njia kama ninavyoujua ukuta wa chumba changu: wapi mchanga utakamata gurudumu, wapi miiba ya migunga inaleta pancha. Nilikwenda mashariki asubuhi na kurudi magharibi jioni, maana yake jua lilinipiga machoni safari zote mbili. Lakini upepo wa kiangazi hutoka mashariki na hupata nguvu jua likishapanda, kwa hiyo alfajiri ulikuwa haujaamka na jioni ulinisukuma mgongoni. Nilianza kuipenda saa ile ya giza, peke yangu, cheni ikilia taratibu. Masomo mengi niliyatayarisha kichwani humo njiani.

Sasa nifikie jambo ambalo sijaliandika popote. Kati ya wanachuo wangu alikuwamo kijana aliyefundisha katika shule ya kijiji kimoja kilichokuwa kilomita 12 kutoka kituoni. Masomo ya mchana yalianza saa nane. Yeye aliingia saa tisa, aghalabu na vumbi hadi magotini, akakaa nyuma, na mara nyingi akasinzia. Nilimkanya mara mbili mbele ya wenzake. Mwisho wa muhula niliandika katika taarifa yake: “Mchelewaji. Hana bidii.” Taarifa ikaenda.

Mvua za Machi zilinikuta sijajiandaa. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa hujaa kati ya gurudumu na madigadi hadi baiskeli inakwama kama imefungwa kamba. Nilikuwa nakwangua kwa kijiti, naenda hatua ishirini, nakwangua tena. Mwisho niliibeba begani. Nilifika kituoni saa tano asubuhi badala ya saa mbili, na mwalimu mkuu wa pale akanipokea kwa pole na kikombe cha chai. Hakuna aliyeniandika.

Juma lililofuata nilikwenda kumkagua kijana yule shuleni kwake. Nilimkuta na madarasa mawili, moja chini ya mti na jingine ndani, watoto zaidi ya tisini, kwa kuwa mwenzake alikuwa mgonjwa tangu Januari. Aliwaachia watoto saa sita na nusu. Nikamwuliza huja kituoni kwa njia gani. “Kwa miguu, Mwalimu.” Miezi mitano nilikuwa sijamwuliza.

Niliandika barua ya kuomba taarifa ile irekebishwe, kisha nikaandika ya pili. Ofisi iliyohusika ilinijibu mara moja tu, kwamba taarifa zilizopokelewa hazibadilishwi. Kijana aliongezewa mwaka mmoja wa mafunzo, na kwa hiyo alithibitishwa kazini mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Kila ngazi ya mshahara aliyopanda baadaye aliipanda nyuma yao.

Wenye utani walizifasiri herufi za UPE kuwa “Ualimu Pasipo Elimu.” Sitasema vijana wale walikuwa wameiva. Wengi walihitaji miaka miwili zaidi, na nilipokuwa mkuu wa chuo miaka mingi baadaye nilisimamia mafunzo ya kuziba mapengo yao. Lakini wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka milioni 1.6 hivi mwaka 1975 hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 1980, na waliosimama mbele yao ni hao waliochekwa, wengi wao wakiwa wametembea.

Muhula uliofuata nilibadilisha ratiba. Kila Jumatano niliianzia siku shuleni kwa kijana yule, na saa sita na nusu tuliondoka pamoja kwenda kituoni. Yeye ndiye aliyeendesha, kwa kuwa alikuwa na nguvu kuliko mimi, nami nilikaa kwenye keria na mafaili mapajani. Tulifika saa nane kasorobo. Siku nyingine nne alikuja kwa miguu kama kawaida, na masomo ya mchana nikayasogeza hadi saa tisa.